Kwa Nini Karakana ya Watu Wanne Hubaki ya Watu Wanne

Pita Unga Limited au Mbauda jijini Arusha, au Pasua kule Moshi, uhesabu watu na mashine. Karakana iliyokuwa na mafundi wanne miaka kumi iliyopita leo ina mafundi wanne, labda na kijana mmoja anayejifunza. Grenda ni mpya, mashine ya kuchomelea imeshabadilishwa, ila kimo cha biashara ni kilekile. Na mwenye karakana hakukosa fedha. Chuma hichohicho kimemjengea vyumba sita vya kupangisha Moshono, kimemnunulia bodaboda mbili na ng'ombe wa maziwa kijijini. Faida ilipatikana, kisha ikaondoka karakanani.

Kwenye semina za ujasiriamali jambo hili huelezwa kwa neno moja: maono. Fundi hana maono, anahitaji kufundishwa kuandika mpango wa biashara. Maelezo hayo hayamtendei haki, na yanapeleka fedha za mafunzo mahali pasipo na tatizo. Fundi anayejenga vyumba vya kupangisha amepiga hesabu zake vizuri. Chumba kinaingiza kodi mvua inyeshe isinyeshe, watalii waje wasije, umeme uwepo usiwepo. Karakana inategemea vyote hivyo kwa wakati mmoja, na kimoja kikiharibika anayelipa ni yeye peke yake. Vyumba ni bima aliyojikatia mwenyewe kwa sababu hakuna anayemuuzia nyingine. Anayetaka karakana zikue aanze kwa kupunguza hatari zinazomwangukia mtu mmoja. Mikopo na mashine vije nyuma ya hapo.

Hatari hizo zinapimika kwa shilingi, kwa kilo na kwa ampia. Kubwa kuliko zote ni mteja.

Fundi anayekopesha bila kujua

Chukua mfano wa geti la shilingi 1,800,000. Mabomba, shiti, bawaba, kufuli na magurudumu vinakula 1,050,000. Ufundi 250,000. Vijiti vya kuchomelea, diski, rangi na umeme 120,000. Kulisafirisha na kulifunga 60,000. Jumla ni 1,480,000, na zinabaki 320,000 za kulipia kodi ya fremu, kumlisha mwenye karakana na kukuza kazi. Desturi ya mjini ni kianzio cha nusu, yaani 900,000. Hapo fundi ameshapungukiwa 150,000 kabla hajawasha mashine, kwa sababu vifaa peke yake vinazidi kianzio. Geti likikamilika na kufungwa, fedha yake iliyolala kwa mteja imefika 580,000.

Sasa tuseme kazi zimeongezeka, ameshika mageti matano kwa mpigo. Amelaza 2,900,000. Wanaohubiri ukuaji huliruka jambo hili: kwa kianzio cha nusu, kila oda mpya inamfanya fundi awe mkopeshaji zaidi. Mteja mmoja kati ya watano akichelewesha salio la 900,000, kwa kuwa amefiwa au fedha imeenda kwenye ada ya shule ya Januari, faida ya karibu mageti matatu imesimama. Fundi anachukua kianzio cha mteja wa sita anunulie vifaa vya mteja wa nne. Mteja wa sita anapiga simu, haipokelewi. Mtaani wanasema mafundi ni waongo. Uongo upo kweli, ila umezaliwa na hesabu ya kianzio.

Mgawanyo unaofaa kwa kazi ya aina hii ni 60, 30 na 10. Asilimia 60 siku ya kuagiza ni 1,080,000, inalipa vifaa vyote na kuacha kidogo. Asilimia 30 inalipwa geti likiwa limeshachomelewa lakini halijapigwa rangi, wakati mteja anaweza kupima pembe kwa kamba, kugonga viungio na kuona kama kuna tundu lililozibwa kwa mastiki. Asilimia 10 inabaki hadi siku ya kulifunga. Kwa utaratibu huu, fedha ya fundi inayolala haizidi takriban 250,000 kwa geti, mara tu kabla ya malipo ya pili. Mageti matano ni 1,250,000 badala ya 2,900,000. Tofauti ya 1,650,000 ni mtaji ambao fundi hakuukopa popote.

Mteja atakataa, na ana sababu. Wapo walioliwa fedha zao. Kwa hiyo asilimia 60 lazima iambatane na ulinzi wa upande wake: orodha ya vifaa yenye vipimo na unene, nakala ya risiti ya duka, na picha ya vifaa vikiwa karakanani vimeandikwa namba ya oda. Wengine hutatua kwa mteja kununua vifaa mwenyewe. Njia hiyo inamwondolea fundi mzigo wa mtaji, ila mteja asiyejua chuma hununua cha bei ya chini, na geti likilegea lawama inarudi kwa aliyechomelea.

Utaratibu wa force account katika ujenzi wa shule na zahanati unaeleweka vizuri kwa jicho hili. Shule inanunua vifaa, fundi analipwa ufundi. Ndiyo maana seremala asiye na mtaji anaweza kutengeneza madawati mia moja bila kufilisika, kwani hatari ya vifaa imebebwa na mnunuzi. Akipewa madawati hayohayo kwa mkataba wa kuleta kila kitu na kulipwa baada ya kukabidhi, na malipo yakachelewa miezi mitatu, anauza randa yake ya umeme. Ni madawati yaleyale, mbao zilezile. Kilichobadilika ni nani anasubiri.

Kilo mbili zinazopotea dukani

Kesi nyingi za kazi mbovu zinaanzia kwenye chuma kilichonunuliwa kwa jina badala ya kipimo. Bomba la mraba la 40 kwa 40 linaloitwa la milimita 1.5 mara nyingi lina 1.2 au pungufu. Macho hayaoni tofauti hiyo, mizani inaiona. Bomba la mita 6 lenye unene kamili wa 1.5 lina uzito wa kama kilo 10.8. La 1.2 lina kama kilo 8.8. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 inatosha kuamua ubishi wote pale dukani. Upimwe na urefu pia, kwa sababu mabomba ya mita 5.8 huuzwa kwa bei ya mita 6, na kwenye geti lenye nguzo za mita 2 hizo sentimita 20 ndizo zinazolazimisha kununua bomba jingine zima.

Bomba jembamba linaleta hasara ya pili wakati wa kuchomelea. Kijiti cha milimita 3.2 hutoboa unene wa 1.2, fundi anarudi kuziba, joto linazidi, fremu inapinda. Kazi hiyo inataka kijiti cha 2.5 kwa ampia 60 hadi 80, na kushikiza pembe zote nne kwanza kabla ya kumalizia, ukibadilisha upande kwa upande. Wakati wa masika vijiti hunywa unyevu, na ushahidi wake ni vitundu vidogo juu ya mshono. Vijiti vya kawaida vya 6013 vikikaushwa saa moja kwenye joto la takriban nyuzi 100, kisha vikatunzwa kwenye sanduku la bati lenye balbu ya zamani inayotoa joto, tatizo linaisha kwa gharama ya chini sana.

Kwa maseremala wa Moshi kitu kinachofanana na hicho ni unyevu wa mbao. Mbao za paina na sipresi kutoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai huuzwa mara nyingi zikiwa bado mbichi. Ubao wa upana wa sentimita 20 ukitoka unyevu wa asilimia 22 kushuka 12, ambao ndio unaofaa kwa samani za ndani, unapungua karibu milimita 5. Mlango wenye paneli mbili za namna hiyo utaonyesha mwanga katikati kabla ya miezi sita. Kupima hakuhitaji kifaa cha bei. Kata kipande katikati ya ubao, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka, kisha gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Gramu 200 zikiwa 170, unyevu ulikuwa asilimia 17.6. Mbao hizo zisubiri.

Kusubiri ndiko kugumu, maana mbao zinazokauka chini ya paa ni fedha iliyolala miezi miwili au mitatu. Na wakati ambapo samani zinatakiwa zaidi Moshi ni Desemba, watu wanaporudi nyumbani Rombo, Marangu, Kibosho na Machame kwa Krismasi, na kila nyumba inataka kochi, mlango au geti jipya. Seremala asiyenunua mbao Agosti atatumia mbichi Novemba, halafu Machi atarudishiwa milango. Kila mlango unaorudi unakula faida ya milango miwili iliyokaa vizuri.

Fezi moja ikikatika

Umeme unalalamikiwa kwa bei, lakini bei angalau inajulikana. Uniti moja kwa mtumiaji wa kawaida wa biashara ni shilingi 292, na ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama 356. Hatari iko kwenye ubora wa umeme wenyewe.

Mota ya nguvu za farasi 15, ile inayoendesha kinu cha kusaga au msumeno mkubwa, huvuta takriban ampia 21 kwenye fezi tatu ikiwa na mzigo kamili. Fezi moja ikikatika njiani mota ikiwa inazunguka, haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili, na ampia kwenye nyaya zilizobaki zinapanda hadi karibu 37. Ndani ya dakika chache vanishi inanuka na waya zinaungua. Kusuka mota upya ni siku kadhaa za kukaa bila kazi, na mota iliyosukwa vibaya hairudishi nguvu zake zote. Kinga yake ni vifaa viwili: kizuia mzigo kwenye stata (swichi ya kuwashia mota), kinachokata umeme mota ikivuta ampia zaidi ya zilizoandikwa kwenye kibati chake, na kifaa cha kukata umeme fezi ikikosekana au volti zikishuka mno. Tatizo la kila siku ni kwamba kizuia mzigo kinapokata mara kwa mara, mwenye kinu anamwambia fundi akipandishe mpaka mwisho au akiruke kabisa. Kinapokata kinasema kitu. Mara nyingi kinasema beringi imekauka, mkanda umekazwa kupita kiasi au waya kutoka nguzoni ni mwembamba kwa umbali huo.

Mteja mmoja mkubwa

Arusha ina ufundi ambao miji mingi ya Tanzania haina: karakana zinazobadilisha Land Cruiser kuwa gari la watalii. Fremu inakatwa na kurefushwa, bodi inaongezwa, paa linawekewa sehemu ya kunyanyuka, viti saba vinafungwa. Ni kazi ya thamani, inayolisha wachomeleaji, wapaka rangi, washonaji wa viti na mafundi wa umeme wa magari kwa pamoja. Na yote inaning'inia kwenye kitu kimoja. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa karibu 620,000. Karakana iliyokuwa imekopa kwa kutegemea oda za msimu wa Juni hadi Oktoba haikuwa na kosa lolote la kiufundi. Ilikuwa na mteja wa aina moja.

Serikali nayo inaweza kufuta soko kwa tangazo. Pombe za viroba zilipigwa marufuku kuanzia 1 Machi 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia 1 Juni 2019. Sababu za kiafya na kimazingira zilikuwa za kweli na hatua zenyewe zilistahili. Lakini mtu aliyefunga mashine ya kutengeneza mifuko hiyo alibaki na chuma kisichoweza kufanya kazi nyingine. Mashine inayofanya kitu kimoja tu ina hatari kuliko mashine ya bei ileile inayofanya vitu vitatu, na hilo linafaa kuulizwa kabla ya kuuliza bei.

Kanuni inayosaidia ni ya daftari. Waswahili wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalohitajika hapa lina safu nne tu: jina la mteja, aina ya kazi, fedha iliyoingia, tarehe iliyoingia. Baada ya miezi kumi na miwili, jumlisha kwa mteja. Anayefika theluthi ya mapato yote ameshakuwa hatari, hata kama analipa vizuri.

Mkopo wa mashine ya kukereza

Wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Inasikika ndogo ukilinganisha na mikopo ya kausha damu. Ila mara nyingi inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Milioni 10 kwa miezi 12 inazaa riba ya milioni 4.2, na rejesho la kila mwezi ni shilingi 1,183,333. Mwezi wa kumi na mbili deni lililobaki ni 833,333, na bado unalipa riba ya 350,000 juu yake. Ukiihesabu kwa salio linalopungua, kama benki zinavyofanya, riba hiyo ni karibu asilimia 6 kwa mwezi.

Sasa fundi anayetengeneza mashine za kilimo anataka mashine yake ya kukereza. Leo shafti zake anazipeleka kwa jirani na analipa, tuseme, 250,000 kwa mwezi. Akikopa milioni 10 kwa masharti hayo, anabadilisha gharama ya 250,000 kwa rejesho la 1,183,333. Pengo la 933,000 alizibe kwa kuwakerezea wengine, kila mwezi, Aprili na Mei zikiwemo ambapo mvua imefunga barabara za mashamba na karakana nyingi zinalala. Gharama ya kwa jirani ilikuwa inashuka kazi ikishuka. Rejesho halishuki.

Kipimo ni rahisi: jumlisha ulicholipa kwa mashine za wengine kwa miezi 12. Kisipofika angalau nusu ya marejesho ya mwaka, endelea kwenda kwa jirani. Hili linawaudhi wengi kwa sababu mashine ni heshima, inaonekana mlangoni. Lakini Unga Limited tayari inafanya kazi kama kiwanda kimoja kilichogawanywa: mmoja anakereza, mwingine anakunja shiti, wa tatu anakata kwa gesi, wa nne anapaka rangi. Mgawanyo huo ni nguvu, na kila anayejaribu kuwa na kila mashine chini ya paa moja anauvunja kwa gharama yake.

Mkopo unaoweza kulipika ni wa vifaa. Mashine za kupukuchua mahindi zinatakiwa Julai na Agosti, mavuno yanapoanza. Kutengeneza kumi kati ya Aprili na Juni kwa vifaa vya 700,000 kila moja kunahitaji milioni 7. Kwa miezi minne, hata kwa asilimia 3.5 ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, riba ni 980,000, yaani 98,000 kwa mashine. Ikiuzwa 1,200,000 na ufundi na mengineyo vikala 200,000, kila mashine inaacha 202,000 baada ya riba, na mafundi wamefanya kazi miezi ambayo wangekaa. Kinachoharibu hesabu hii ni ratiba. Mkopeshaji anataka rejesho la kwanza baada ya siku 30, wakati hata mashine moja haijauzwa, na fundi anauza mbili kwa bei ya hasara ili alipe la Mei. Mkopo wa karakana unaofuata tarehe za mshahara wa mwalimu umekosewa tangu fomu. Hata mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo haina riba (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu), inafaa iulize kwanza: bidhaa hii inauzwa mwezi gani?

Bidhaa moja, kalibu moja

Mashine kumi zinazofanana zinawezekana tu kama zinafanana kweli, na hapa ndipo karakana nyingi zinapokwama. Vipimo viko kichwani kwa fundi mkuu. Akiugua, kazi inasimama. Akiondoka, anafungua karakana mtaa wa pili na wateja wanamfuata. Kwa hofu hiyo mwenye karakana hafundishi mtu vizuri, na asipofundisha hawezi kupokea kazi kubwa.

Kalibu inaondoa sehemu kubwa ya tatizo hili. Ni fremu nzito ya engo iliyochomelewa mara moja kwa umakini, yenye vizuizi na matundu yanayoshikilia kila kipande mahali pake. Kwa mashine ya kupukuchua, kalibu ya kwanza iwe ya viti vya beringi. Shafti ya milimita 30 inakaa kwenye beringi mbili za UCP 206, na viti hivyo vikipishana kupita kiasi ambacho beringi zinaweza kujirekebisha, shafti inabanwa, beringi inapata moto na inakufa mapema. Ya pili iwe ya kupanga meno kwenye ngoma. Ngoma ikishakamilika ilazwe kwa shafti yake juu ya vyuma viwili vilivyonyooka na kusawazishwa kwa pimamaji. Upande mzito utajizungusha uje chini. Chomelea kipande kidogo cha chuma upande wa juu, rudia, mpaka ngoma isimame popote unapoiachia. Ni nusu saa ya kazi, na ndiyo inayoondoa mtikisiko unaokata boliti na kupasua miguu ya mashine.

Mwendo nao upigiwe hesabu. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya inchi 4, ikivuta puli ya inchi 8, inazungusha ngoma 720. Anayefunga puli yoyote iliyopo dukani anaipeleka ngoma mbio hadi mahindi yanavunjika, na mkulima hatarudi.

Mashine zikifanana, vipuri vinafanana. Meno, chekeche na puli vinaweza kutengenezwa na kijana aliyejifunza miezi miwili, na vinauzwa hata msimu ukiisha. Mapato hayo madogo ya vipuri yanafanya kazi ileile ya vyumba vya Moshono, lakini yamo ndani ya karakana.

Jambo la kushangaza ni jinsi maarifa yalivyo karibu. TEMDO, taasisi ya umma ya usanifu wa mitambo iliyoanzishwa kwa sheria ya 1980, iko Arusha. CAMARTEC, inayosanifu na kupima zana za kilimo, nayo iko hapohapo Arusha. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa kwa sheria ya 1973, lina ofisi Arusha na Moshi. Kati ya taasisi hizo na karakana ni safari ya daladala. Kinachokosekana ni michoro yenye vipimo inayoweza kuchukuliwa na fundi wa kawaida pamoja na kalibu yake, si mashine ya maonyesho ya Nane Nane. Taasisi ikitengeneza kalibu moja nzuri na kuiazimisha kwa karakana kumi kwa zamu, itakuwa imebeba gharama ya makosa ya mwanzo ambayo sasa kila fundi anayalipia peke yake.

Mfanyakazi wa kumi

Kuna ngazi za kisheria ambazo karakana inayokua inajikwaa nazo, na inafaa kuzijua kwa tarakimu. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, baada ya kiwango hicho kupandishwa kutoka wanne mwaka 2021. Mwaka 2023 ikapunguzwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara yote. Kwa kiwango hicho, mwenye watu tisa wa mshahara wa 300,000 halipi tozo hiyo hata shilingi. Akiajiri wa kumi analipa 105,000 kila mwezi kwa wote. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri NSSF, 30,000, na asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia, 1,500. Mfanyakazi wa kumi anagharimu 436,500 wakati wa tisa aligharimu 331,500. Haishangazi kuona karakana za watu tisa, au moja iliyogawanywa mara mbili kwa majina ya ndugu.

Usajili wa VAT, ambao ukomo wake ulipandishwa hadi mauzo ya milioni 200 kwa mwaka kuanzia Julai 2023, unategemea unamuuzia nani. Mwenye nyumba hawezi kudai kurejeshewa asilimia 18, kwake ni bei kupanda tu. Hoteli iliyosajiliwa inaweza, na itamkwepa muuzaji asiye na risiti ya VAT. Karakana ya mageti na karakana ya samani za hoteli hazipaswi kupewa ushauri mmoja.

Mfano ambao hutajwa kila mara Arusha ni A to Z ya Kisongo, iliyoanza 1966 kama kiwanda kidogo cha nguo na kuja kuwa mtengenezaji mkubwa wa vyandarua. Huelezwa kama hadithi ya kuthubutu. Tazama kilichotangulia hatua kubwa: teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani iliyoletwa 2003, na mashirika ya kimataifa ya afya yaliyokuwa yananunua vyandarua kwa mamilioni. Soko lilikuwepo kabla ya mashine, na hatari iligawanywa kati ya wengi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa karakana pia, kwa kipimo chake.

Kipimo hicho kinaanzia kwenye ardhi. Karakana nyingi ziko kwenye fremu au uwanja wa kukodi, kodi ikilipwa miezi sita mbele, bila mkataba wa maana. Mpangaji wa namna hiyo hawezi kumwaga msingi wa zege wa mashine ya kukunja shiti, wala kugharamia laini ya fezi tatu, kwa sababu mwenye kiwanja akipandisha kodi au akiuza, vyote vinabaki. Mtu huyohuyo kule Moshono ana kiwanja chake, na amejenga kwa tofali za kudumu. Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi zinaweza kutenga maeneo ya karakana zenye mikataba ya miaka mitano inayoweza kuongezwa, kodi iliyoandikwa kwa miaka yote mitano, na kipengele kinachosema kwamba mpangaji akiondolewa kabla ya muda atafidiwa laini ya umeme na zege kwa bei ya risiti zake. Waanze hata na karakana ishirini, laini ya fezi tatu ikiwa imeshafika kwenye nguzo kabla mpangaji wa kwanza hajahamia.